Mwaka wa Viazi Unafungwa Lini

Kijiwe chetu kipo Lukozi, mbele ya duka langu la pembejeo, mkabala na pale magari ya kabichi yanapopakia. Ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali. Nasema "chetu" kwa adabu tu, maana ubao ni wangu, matofali ni yangu, na mtu akianguka lawama ni zangu. Wa kudumu ni watatu. Mansuri tunamwita Redio, kwa kuwa akishaanza habari hana pa kuzimia. Kassimu ni Injini, dereva wa Canter ya mboga, mtu anayeamini kwamba hakuna jambo la duniani usiloweza kulielewa ukifungua boneti. Edgar, mwalimu mstaafu wa Muheza aliyeoa huku akasahau kurudi kwao, ni Kamusi. Mzee Hassani anauza kahawa na kashata, anasema machache na kukopesha kwa shida. Mimi naitwa Katibu, hata na mke wangu, kwa sababu mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha viazi. Kumtoa Mzee Hassani, sote pale ni wanakikundi, na jumla yetu ni ishirini na wanne. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na saba Februari, na habari ilikuwa moja tu: saa nane mchana mkutano mkuu ungemvua Yusta uhazini kwa hasara ya milioni mbili, laki nane na sabini elfu. Katiba yetu inasema mhazini akishindwa kueleza hasara, atailipa yeye. Yusta ana watoto watatu, mume kibaruani Tanga, na mali yake yote iko bandani inakula majani.

Redio: Jamani, milioni mbili na laki nane! Mtu anaamka asubuhi, anakunywa uji wake vizuri, halafu anakula milioni mbili na laki nane. Tumbo gani hilo?

Injini: Hajala. Nimesoma na Yusta mimi. Akiokota penseli ya mtu, darasa zima lilikuwa linajua.

Redio: Basi nani kala?

Injini: Ndiyo nakuuliza.

Redio: Mgosi, mimi ndiye nimekuuliza wewe!

Kamusi: Tulieni kwanza. Mnazungumzia hasara ya mwaka upi? Mwaka wa kalenda au mwaka wa fedha?

Redio: Mwalimu, mwaka ni mwaka. Unaanza watu wanapiga kelele, unaisha watu wanapiga kelele.

Kamusi alifuta miwani yake kwa ncha ya sweta. Akifuta miwani ujue utakaa darasani, na ada ni muda wako.

Kamusi: Mwaka wa kalenda ni wa watu wote. Mwaka wa fedha ni wa mwenye hesabu zake. Serikali yetu inaanza tarehe moja Julai na kumaliza tarehe thelathini Juni. Kampuni nyingi zinakwenda Januari mpaka Desemba. Mwingine anaanzia Oktoba, na hakuna wa kumshtaki. Unachagua siku ya kuanzia, unahesabu miezi kumi na miwili mfululizo, unafunga. Kesho yake mwaka mwingine unaanza. Basi.

Injini: Na faida yake nini?

Kamusi: Kulinganisha. Umevuna kiasi gani mwaka huu, umevuna kiasi gani mwaka jana, kwa urefu uleule wa muda. Bila hivyo huwezi kujua kama unapanda au unashuka. Mtu wa kodi naye atajuaje akutoze nini?

Injini: Kumbe ni kama sevisi. Kilomita elfu tano, unamwaga oili, unaandika kwenye kikaratasi unabandika mlangoni. Ukiruka moja, injini itakuja kukwambia barabarani.

Kamusi: Karibu na hapo.

Redio: Sasa kwa nini serikali iwe Julai? Hilo mnalijua? Hamlijui. Ni barabara hiyo. Masika yote Dodoma hawawezi kujua kama pesa imefika huku, maana gari haipandi. Wanangoja matope yakauke, Julai vumbi linaanza, ndiyo wanasema haya, mwaka umeanza.

Kamusi: Umeitoa wapi hiyo?

Redio: Nimeifikiria.

Mzee Hassani alikuwa anapuliza mkaa. Akasema bila kuinua kichwa.

Mzee Hassani: Wangu unaanza mfungo ukiisha. Kila mara unarudi nyuma siku kumi na moja. Na sijawahi kupata hasara.

Kamusi: Umejuaje, mzee?

Mzee Hassani: Sijawahi kuandika.

Tulicheka, nami nikacheka, ingawa sikuwa na raha. Barua ya kumvua Yusta uhazini nilikuwa nayo mfuko wa shati, nimeiandika mwenyewe usiku wa jana, aya tatu na nafasi ya sahihi. Niseme ukweli wangu. Mbolea ya kikundi inanunuliwa dukani kwangu. Pesa ya kikundi ikipungua, macho ya watu yanaanza kwa mhazini, halafu yanazunguka, halafu yanatua kwa mwenye duka. Nilitaka lawama imfikie Yusta na kukaa hukohuko.

Redio: Mimi nawaambia pesa ile haikuliwa. Ilirudishwa.

Injini: Wapi?

Redio: Hazina! Si mnasikia kila mwaka, halmashauri isipomaliza pesa mpaka tarehe thelathini Juni, pesa inarudi Hazina? Haya. Kikundi chetu kimesajiliwa wapi? Halmashauri. Tulikuwa na akiba ya msimu tarehe thelathini Juni? Tulikuwa nayo. Imerudi.

Kamusi: Mansuri, hiyo ni pesa ya bajeti ya serikali. Pesa ya viazi vyako inarudije Dodoma? Inapanda basi?

Redio: Inaenda kwa simu siku hizi, mwalimu.

Injini: Hapana. Sikilizeni. Gari likipungua oili unaangalia chini. Kuna tone? Hakuna. Hakuna tone na oili inapungua, basi oili inaunguzwa ndani humohumo. Mimi naona pesa yetu haijatoka nje. Risiti zipo zote?

Mimi: Zote. Mbegu za Oktoba, mbolea ya Novemba, dawa ya ukungu ya Desemba. Za kwangu nimepiga mhuri mwenyewe. Yusta hakupoteza hata moja.

Redio: Hapohapo! Chuma ulete. Chuma ulete haibebi risiti, inabeba pesa inakuachia risiti. Kuna mtu alimpa Yusta noti ya mia tano iliyofanyiwa mambo, akaiweka na zetu, ikaondoka na wenzake. Na huwa ni Desemba tu. Mbona mwaka juzi, mwaka wetu wa kwanza, nao tulipata hasara Desemba?

Injini: Ule tulisema ni ugeni wa kazi.

Redio: Mlisema nyinyi. Mimi nilinyamaza.

Mimi: Wewe, ulinyamaza?

Redio: Kwa muda mfupi.

Hapo ikaingia pikipiki, akashuka mtu mmoja wa makamo, koti la mvua mkononi na daftari dogo limechungulia mfukoni. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwa Mzee Hassani, shikamoo kwa Kamusi, kisha akaulizia katibu wa kikundi cha viazi. Aliitwa Clemence, mkulima wa Mgwashi, upande wa Bumbuli. Wenzake kule wanataka kuanzisha kikundi kama chetu, wamechanga nauli, wakamtuma aje ajifunze tunavyojiendesha. Niliona haya kidogo. Siku zote tunajisifu, hakuna anayekuja. Siku tunayofukuza mhazini, ndiyo anakuja mwanafunzi.

Clemence: Sitawasumbua. Nataka tu niandike hatua kwa hatua, tukaige vilevile.

Redio: Andika. Jina langu ni Mansuri, kwa herufi moja ya S.

Mimi: Mwache aulize mambo ya maana. Karibu kahawa.

Clemence: Asante. Daftari la hesabu mnalifungua lini?

Hilo swali nilifurahia kulijibu, maana ndilo jambo letu zuri kuliko yote. Nikamweleza kwamba tarehe moja Machi, kabla jembe la masika halijaingia shambani, tunakutana wote. Mchungaji anaomba, shehe anaomba, na daftari jipya linatolewa kwenye kitambaa cheupe. Mhazini anaandika mstari wa kwanza mbele ya watu. Siku hiyo hakuna anayenunua wala kuuza kitu cha kikundi. Tunakula makande, tunarudi nyumbani.

Clemence: Nzuri sana hiyo. Na mnalifunga lini?

Mimi: Tarehe thelathini na moja Desemba. Watoto wetu walioko Tanga na Dar wanakuwa wamerudi, tunachinja mbuzi wawili, mhazini anajumlisha mbele ya kila mtu.

Clemence aliandika yote, pole pole, kwa mwandiko wa mtu anayesoma kile anachoandika. Akapiga mstari chini ya Machi, akapiga mstari chini ya Desemba. Alitaka kuuliza kitu kingine, lakini macho yetu yalikuwa yameshahamia barabarani.

Yusta alikuwa anakuja. Amevaa kitenge na juu yake koti la mumewe, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Wanawake wa kwetu hawapiti pale kijiweni bila sababu, na wakipita hawasimami. Yeye alisimama. Akamwamkia Mzee Hassani, akamwamkia mwalimu. Halafu akanigeukia na bahasha ya khaki.

Yusta: Katibu, hii ni milioni moja na laki moja. Iliyobaki nitalipa kwa maziwa, kila mwezi. Naomba stakabadhi.

Redio aliweka kikombe chini, akaitazama bahasha. Injini ndiye aliyeuliza.

Injini: Umeuza nini, Yusta?

Yusta: Mtamba.

Injini: Yule wa mabaka? Si umesema atazaa mwezi wa nne?

Yusta: Atazaa. Kwa mwenyewe mpya. Wamempakia alfajiri, saa hizi ameshavuka Soni.

Kamusi: Binti yangu, mkutano bado. Ungesubiri usikilizwe kwanza.

Yusta: Nilishasikilizwa Desemba, mwalimu. Sitaki waje bandani kwangu saa kumi, watoto wametoka shule, wamkute katibu anafungua kamba. Bora nimfungue mwenyewe.

Maneno hayo yaliniingia. Sikuwa nimefikiria kamba wala watoto. Nilifikiria aya tatu na nafasi ya sahihi. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu wa ofisi hufanya akiona aibu. Nilichukua kitabu cha stakabadhi, nikaanza kuandika kwa mwandiko mzuri. Jina. Kiasi kwa tarakimu. Kiasi kwa maneno. Kalamu ilipofika kwenye mstari wa "imeingizwa daftari la mwaka", Clemence akakohoa.

Clemence: Samahani, katibu. Naomba nielewe hapo, nisije nikawapelekea wenzangu kitu kisicho sahihi. Hiyo pesa ya mama inaingia daftari lipi?

Mimi: La mwaka jana.

Clemence: Si lilifungwa tarehe thelathini na moja Desemba?

Mimi: Basi, lile jipya.

Clemence: Jipya si linafunguliwa keshokutwa?

Mimi: Ndiyo. Kwa sasa daftari limelala.

Clemence: Linalala Januari yote na Februari yote?

Mimi: Ndiyo. Ndiyo utaratibu wetu.

Clemence: Na viazi navyo vinalala?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi, anangoja jibu aliandike.

Redio: Vilale vipi, ndugu yangu? Vya vuli ndiyo vinachimbwa miezi hiyo! Mwaka huu vimetoka, acha kabisa. Kassimu amepeleka Tanga mizigo mpaka tairi zikalia.

Clemence: Vizuri. Sasa pesa ya viazi hivyo mnaiandika wapi?

Redio alimtazama Injini, Injini akanitazama mimi, nami nikamtazama Kamusi, maana kwake ndiko tunakopeleka maswali. Kamusi alikuwa ameinua mkono wa kushoto usawa wa kifua na anakunja vidole kimoja kimoja. Midomo yake ilikuwa inasema Machi, Aprili, Mei. Alipofika Desemba vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekwisha.

Kamusi: Kumi.

Injini: Kumi nini?

Kamusi: Miezi. Mwaka wetu una miezi kumi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Sasa hivi hapa nimetoka kusema kumi na miwili mfululizo, tena kwa kiburi, na sijawahi kuhesabu miezi ya kikundi changu mwenyewe.

Redio: Sasa mbona mimi sielewi?

Kamusi: Mbegu za vuli zilinunuliwa lini?

Mimi: Oktoba.

Kamusi: Mbolea?

Mimi: Novemba.

Kamusi: Zimeandikwa?

Mimi: Zimeandikwa zote, na risiti zipo.

Kamusi: Viazi vyake vikauzwa Januari na Februari, wakati daftari limefungwa kwenye kitambaa. Kutoa tumeandika, kuingia hatukuandika. Hapo hata malaika akiwa mhazini atapata hasara.

Injini: Lakini ile pesa tuliiandika. Si kuna karatasi ya gawio?

Karatasi ya gawio ipo, na mimi ndiye mwandishi wake. Viazi vikishauzwa, tunatoa nauli na magunia, tunagawana inayobaki papo hapo, kila mtu anatia sahihi. Tunaiita pesa ya ada, kwa sababu Januari shule zinafunguliwa. Karatasi yenyewe natundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka. Haijawahi kuingia daftari lolote kwa kuwa siku hizo hakuna daftari la kuingia.

Kamusi: Mwaka huu tumepata kiasi gani kila mmoja?

Injini: Laki na arobaini.

Kamusi: Mara watu ishirini na wanne.

Redio alishatoa simu. Ni mtu wa maneno lakini akishika kikokotozi ana haraka kuliko sote.

Redio: Milioni tatu, laki tatu na sitini elfu.

Kamusi: Toa hasara ya Yusta.

Redio: Milioni mbili, laki nane na sabini. Inabaki... laki nne na tisini elfu.

Kamusi: Hiyo ni faida. Ukienda kutoka tarehe moja Machi mpaka mwisho wa Februari, miezi yote kumi na miwili, kikundi kimepata faida ya laki nne na tisini elfu. Si nyingi, mbolea ilipanda. Lakini ni faida.

Clemence: Kwa hiyo mwaka wenu haujaisha?

Kamusi: Haujaisha. Unaisha kesho.

Tulimgeukia Yusta. Nilidhani atalia au atacheka, maana mimi ningefanya kimojawapo. Alikuwa anatazama kitabu cha stakabadhi mkononi mwangu.

Yusta: Desemba niliwaambia pesa iko ardhini. Mnakumbuka? Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema pesa bado iko ardhini. Mansuri ukasema nikachukue jembe nichimbe. Watu wakacheka mpaka mbuzi akaungua.

Redio: Nilikuwa natania.

Yusta: Najua. Ila mimi nililala na hayo maneno miezi miwili. Nikawa naamka nahesabu risiti upya, labda kweli nimekula bila kujua.

Redio aliinamia kikombe chake. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka barua iliyokuwa mfukoni mwangu, huruma ile nikaihamishia kwangu.

Injini: Basi mambo yamekwisha! Saa nane tunasema tulikosea kufunga daftari. Yusta anabaki mhazini, tunakula makande keshokutwa. Mpigie simu aliyenunua mtamba, mimi nawasha gari sasa hivi.

Yusta: Nilishampigia nikiwa njiani kuja. Nilitaka tu kujua kama anatembea vizuri garini. Hapatikani.

Kamusi: Kassimu, halijaisha. Pesa iliyopungua kwenye mfuko wa kikundi imepungua kweli. Tulitakiwa kwanza turudishe gharama za mbegu na mbolea, ndipo tugawane faida. Katiba inasema gawio ni la faida. Laki nne na tisini kwa watu ishirini na wanne.

Redio: Elfu ishirini na kidogo.

Kamusi: Sisi tumechukua laki na arobaini kila mmoja.

Injini: Unataka kusema nini, mwalimu?

Kamusi: Nasema kila mmoja wetu ana karibu laki na ishirini ya kikundi. Ukizikusanya zote, ndiyo hiyo hasara. Yusta naye ana ya kwake, laki na ishirini kama sisi. Siyo milioni mbili.

Hapo pakawa pazito. Injini aliweka tairi mbili za nyuma kwa pesa ile, na tairi haliuziki tena likishakwenda Tanga na kurudi. Redio alilipa ada ya mwanawe, na shule haina mlango wa kurudishia pesa. Mimi nilijazia mzigo wa dawa dukani. Na kuna wenzetu wengine kumi na tisa waliokuwa majumbani mwao wanajiandaa kuja mkutanoni, wengi wao wakijua kwamba leo kuna mtu wa kulipa na kwamba mtu huyo siyo wao.

Clemence: Samahani, nifute Desemba niandike Februari?

Kamusi: Andika hivi. Fungeni siku moja kabla ya kufungua. Mkifungua tarehe moja Machi, fungeni siku ya mwisho ya Februari. Msiache hata siku moja katikati. Na chagueni siku ambayo viazi vimeshatoka ardhini vikauzwa, ili mnachohesabu kiwe mkononi.

Clemence akaandika, akashukuru, akasema pikipiki inamngoja. Alituaga mmoja mmoja kwa mkono. Kwa Yusta alisimama kidogo zaidi, akamwambia pole, mama. Sisi wa kwake hakuna aliyekuwa amelisema hilo neno.

Yusta alinyoosha mkono, nikampa bahasha yake. Nilichana ile stakabadhi niliyoianza, nikaichana na barua pia, vipande nikavitia mfukoni. Nilitegemea atafurahi kuona hivyo. Alizihesabu pesa zote palepale, noti kwa noti, mbele yetu, kama anavyofanya siku zote na pesa ya kikundi. Zilikuwa sawa.

Yusta: Kwa hiyo mmeelewa.

Kamusi: Tumeelewa kabisa.

Yusta: Mimi nikisimama saa nane nikasema haya, watasema mhazini anajitetea. Nilishasema Desemba na mliona ilivyokuwa. Inabidi aseme mwingine. Aseme alipewa laki na arobaini, na kwamba laki na ishirini ndani yake atairudisha.

Redio: Ni kweli. Mtu aseme.

Injini: Lazima.

Yusta: Nani atasimama wa kwanza?

Gari la kabichi lilikuwa linapakiwa ng'ambo, vijana wanarushiana na kuhesabu kwa sauti. Tuliisikiliza hesabu ile kwa umakini ambao haikuustahili. Redio aligeuza simu yake juu chini. Kamusi alivua miwani na hakuifuta. Injini alitazama tairi.

Mimi ndiye katibu. Jina langu ni la kwanza kwenye karatasi ya gawio, kwa kuwa niliiandika mimi na nilianza na jina langu. Nilijua jibu la swali lile tangu Yusta alipolitoa mdomoni, na nilijua kwamba kila mtu pale ubaoni anajua. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kumwomba Mzee Hassani aniongezee kahawa.

Mzee Hassani aliinua birika, akalitikisa karibu na sikio.

Mzee Hassani: Kimebaki kikombe kimoja.

Akakimimina chote na kumpelekea Yusta. Yusta alikipokea kwa mikono miwili, akanywa kwa kusimama, akitutazama, anangoja.